Mali Bila Daftari, na Watu Bila Daftari



Kila mkulima wa karafuu aijua methali ya wazee wetu, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twaikumbuka hasa wakati wa msimu, tunapoandika pishi za wachumaji na magunia yaliyokwenda kituoni, maana asiyeandika ama hudhulumu ama hudhulumiwa. Leo napenda kusema habari ya daftari la namna nyingine, nalo ni daftari la watu. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, ili asije mtu akadhani kwamba nafundisha wengine jambo nisilolionja.

Kosa langu

Marehemu babu yangu alikuwa na daftari dogo ambalo ndani yake aliandika kwa harufi za Kiarabu majina ya watoto wake wote, na mwezi aliozaliwa kila mmoja. Nilipokuwa skuli, daftari lile lilikuwa limekwisha kuliwa na mchwa pembeni, na baba akaniamrisha nilinakili kwa harufi za Kizungu katika buku jipya. Nikaona fahari kubwa kupewa kazi ile. Nilipofika katikati nikaona jina moja limeandikwa mara mbili, mistari miwili mbali. La kwanza lilikuwa na maneno, "amefariki mdogo." La pili halikuwa na neno. Mimi kwa ujana wangu nikasema, babu amesahau, ameandika mara mbili. Nikaliacha la pili. Wala sikumwambia mtu.

Masika iliyofuata paa lilivuja, na daftari la babu likawa ujiuji. Buku langu ndilo likawa kitabu cha ukoo.

Miaka mingi ikapita. Wakati tulipokusanyika kutaka kugawana shamba la babu, ambalo lilikuwa halijagawiwa tangu kufa kwake, alikuja bibi mmoja kutoka Mombasa. Akasema, "Mimi ni mtoto wa ndugu yenu. Baba yangu aliondoka hapa kijana, hakurudi tena." Akalitaja jina la baba yake. Mzee wetu mmoja akalifungua buku langu, akasoma, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mtu huyo hakukua. Alikufa mtoto. Tazama, imeandikwa."

Yule bibi hakubishana. Aliinama, akafunga kibweta chake, akaomba maji ya kunywa. Mpaka leo nikikumbuka namna alivyokifunga kibweta kile naona haya.

Kweli yenyewe ni hii. Mtoto wa kwanza alikufa, na alipozaliwa mwingine babu akampa jina lile lile la marehemu, kama wafanyavyo watu wengi. Huyo wa pili alikua, akagombana na baba yake, akavuka bahari, na nyumbani jina lake halikutajwa tena. Waliomjua walikwisha kutangulia mbele ya haki. Lililotuokoa ni karatasi moja iliyopatikana katika sanduku la marehemu shangazi. Dada yangu mdogo, naye alikuwa mwanafunzi wa chuoni, aliwahi kumnakilia shangazi ukurasa ule ule wa babu, harufi kwa harufi, hata doa la wino amelichora. Majina yote mawili yalikuwamo. Yule bibi alikuwa na hati ya ndoa ya baba yake, yenye jina la babu na jina la mtaa wetu. Karatasi mbili zikakutana. Baba yake alikufa baada ya babu, kwa hiyo fungu lake lilikuwa limekwisha thibiti, na binti yake akapata haki yake.

Mimi niliyejiona mjuzi niliharibu, na mtoto wa chuoni aliyeandika kama alivyoona ndiye aliyehifadhi. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za watu wanaonakili madaftari ya zamani, nijue wao hufanyaje. Nimekuta mfano mkubwa katika kisiwa cha Ireland, kilicho magharibi ya Uingereza, nacho ni kisiwa cha wakulima.

Kisiwa kingine cha wakulima

Huko Ireland hesabu ya watu, ambayo siku hizi twaita sensa, ilifanywa kila baada ya miaka 10, tangu mwaka 1821 mpaka 1911. Nayo haikuwa hesabu ya vichwa tu. Katika nyingi ya hesabu hizo kila nyumba iliandikiwa karatasi yake, na kila mtu jina lake.

Tuitazame ile ya tarehe 2 Aprili 1911. Mwenye nyumba aliandika majina ya wote waliolala nyumbani usiku ule: nani mkewe, nani mwanawe, nani mtumishi. Akaandika dini, umri, kazi, mahali pa kuzaliwa, kama mtu ajua kusoma na kuandika, na kama asema lugha ya Kiairishi. Mwanamke mwenye mume aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi walio hai, na wangapi wangali wazima siku ile. Mwenye nyumba asiyejua kuandika aliandikiwa na mwenye kuhesabu, ambaye alikuwa askari polisi, kisha akatia alama yake ya msalaba mahali pa sahihi. Askari naye alikuwa na karatasi zake za nyumba: kuta ni za nini, paa ni la majani au la kitu kigumu, madirisha ya mbele ni mangapi, na nyumba imesimama katika ardhi ya nani. Hata mabanda ya ng'ombe, ya nguruwe na ya kuku, na ghala za mavuno, yaliandikwa.

Mtu akiisoma karatasi moja kama hiyo huona ukoo mzima umekaa mbele yake. Akiona mama ameandikiwa watoto tisa waliozaliwa na sita walio hai, na kwenye orodha wamo wanne tu, hujua kwamba wawili wako mahali pengine na watatu wako kaburini, na huanza kuwatafuta.

Hesabu za kale zina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu ya msiba uliowafika. Mwaka 1841 walihesabiwa watu 8,175,124. Tangu 1845 ugonjwa uliingia katika mbatata, nazo zilikuwa ndizo chakula cha maskini. Sisi tuliowahi kuona mkarafuu mzima ukikauka ghafla twafahamu ni nini mkulima kuamka na kukuta shamba limekufa. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya hao wakapanda majahazi na meli kwenda Uingereza na Marekani. Mwaka 1851 walihesabiwa watu 6,552,385. Ukoo ulioandikwa katika kitabu cha 1841 na kukosekana katika kile cha 1851, kitabu kile cha kwanza ndicho ushahidi kwamba uliishi.

Moto wa mwaka 1922

Sasa sikilizeni yaliyovipata vitabu hivyo. Vya mwaka 1861 na 1871 viliharibiwa na serikali yenyewe baada ya kuchukua jumla, kwani ilionekana kazi yake imekwisha. Vya 1881 na 1891 vilisagwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kwa sababu ya uhaba wa karatasi. Vya 1821, 1831, 1841 na 1851 vilikuwa vimewekwa Dublin, katika nyumba ya nyaraka iliyokuwa ndani ya majengo ya mahakama yaitwayo Four Courts. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, nyumba ile ilipasuka na kuungua. Vipande vya karatasi vilipeperuka juu ya mji na kuanguka mbali. Katika vitabu vya hesabu nne hizo vilisalia vichache tu, vya sehemu chache za nchi.

Lakini yako majina ambayo moto haukuyapata, na sababu yake ni jambo la ajabu. Mwaka 1908 ilipitishwa sheria ya kuwapa wazee maskini pensheni. Tangu Januari 1909, mtu aliyetimia miaka 70 aliweza kupata mpaka shilingi tano kwa wiki, na kwa mzee wa shamba hizo zilikuwa fedha za kumwondolea njaa. Shida ilikuwa kuthibitisha umri. Serikali ya huko ilianza kuandikisha vizazi vya watu wote mwaka 1864 tu, na mzee wa miaka 70 alizaliwa zamani kabla ya hapo. Wengine waliulizwa kama waukumbuka usiku wa upepo mkubwa, nao ulikuwa usiku wa tarehe 6 Januari 1839, ambao uliezua mapaa na kuangusha miti nchi nzima. Sisi tungeliulizwa juu ya tufani ya Aprili 1872, iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa ndiyo mama wa karafuu.

Basi wazee wakaandika barua Dublin. Kila mmoja alitaja jina la baba yake, la mama yake, na la kitongoji alichozaliwa, akaomba atafutwe katika kitabu cha 1841 au cha 1851. Mzee aliyetimia miaka 70 mwaka 1909 alikuwa kitoto cha miaka miwili katika hesabu ya 1841. Karani alishuka, akafungua kitabu, akatafuta, kisha akaandika katika karatasi ya maombi alichokiona: jina hili, umri huu. Mara nyingine aliandika nyumba nzima, baba, mama na ndugu wote. Mara nyingine aliandika kwamba hakuonekana.

Makarani hao hawakuwa wakiandika tarikhi. Walikuwa wakijibu barua za wazee juu ya shilingi tano. Lakini vitabu vilipoungua mwaka 1922, karatasi zile za maombi zilisalia, na leo zahifadhiwa na kusomwa na watu wanaotafuta asili zao. Ukoo mzima ulioishi kabla ya njaa, usio na kaburi lenye jina, wajulikana kwa sababu karani mmoja alinakili mistari sita akaifuata kama ilivyokuwa. Kama angelisema, "Mtoto huyu jina lake limerudiwa, naliacha," hakuna ambaye angeweza kumrudisha.

Karatasi za 1901 na 1911 zilisalimika, zikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1961, na baadaye zikatiwa katika intaneti bure, na majina yote yakanakiliwa ili yaweze kutafutwa. Mwezi wa Juni 2022, kutimia miaka 100 ya moto ule, wenyeji wa huko walifungua pia hazina ya kukusanya nakala za vitu vilivyoungua, popote nakala hizo zilipokuwa zimetawanyika. Miaka 100 baadaye watu bado wanaokota nakala.

Namna ya kunakili

Kutokana na kazi zao nimetoa mafunzo machache, na yote yatufaa sisi.

La kwanza, andika ulichokiona, si unachodhani. Katika Ireland watu wengi walikua zaidi ya miaka 10 baina ya hesabu ya 1901 na ile ya 1911. Mtu ana miaka 55 hapa, na pale ana 68. Wengine hawakuujua umri wao, na wengine waliikaribia pensheni kwa haraka. Mwenye kunakili haamui kesi hiyo. Huandika 55 penye 55, na 68 penye 68, na maoni yake huyaweka pembeni, mbali na maneno ya kitabu, ili asomaye ajue lipi la marehemu na lipi la kwake.

La pili, usikisahihishe kitabu. Jina moja laweza kuandikwa namna tatu katika ukoo mmoja. Namna hizo zote ni habari. Ukizifanya zote moja, umemziba macho atakayekuja nyuma yako.

La tatu, usiposoma vizuri, kiri. Tia alama ya kuuliza, au acha nafasi na uandike kwamba hapa pameliwa na mchwa. Nafasi tupu haimdhulumu mtu. Jina la kubuni laweza kumdhulumu.

La nne, watu wawili ni bora kuliko mmoja. Waingereza walipoinakili hesabu yao ya mwaka 1881, yenye watu karibu milioni 26 wa England na Wales, kazi ilifanywa na maelfu ya watu wa kujitolea tangu miaka ya 1980. Kila ukurasa ulinakiliwa na watu wawili mbalimbali, kisha nakala zikalinganishwa. Hata hivyo makosa yamo. Hata zile karatasi za Ireland zilipowekwa wazi, wasomaji waliombwa wapeleke masahihisho, kwa sababu mjukuu hulijua jina la bibi yake kuliko mnakili wa mbali.

La tano, andika ulikotoa. Nakala isiyosema imetoka kitabu gani, ukurasa gani, kwa nani, na imenakiliwa na nani tarehe gani, ni kama gunia lisilo na alama ya mwenyewe.

Na sisi tunayo mambo yetu ya kuangalia. Harufi za Kiarabu katika mikono ya wazee wetu mara nyingi hazikutenga *p* na *b*, wala *v* na *f*, na *m* ya mbele ya *b* huenda isiandikwe kabisa. Neno Pemba laweza kusomeka Beba. Nukta moja ikifutika, *b* yageuka isijulikane ni *b*, ni *t* au ni *n*. Kwa hiyo mwenye kunakili kwa harufi za Kizungu aweke pia sura ya jina kwa harufi zake za asili, au alipige picha kwa simu. Tarehe za Hijria ziachwe kama zilivyo, na za miladi ziandikwe kando. Miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya miladi, na mtu aliyehesabiwa miaka 66 kwa mwezi ana kiasi cha 64 kwa jua. Wamepata watu kugombana kwa tofauti hiyo tu.

Na sisi je?

Visiwa vyetu vilihesabiwa mwaka 1910, 1924, 1931, 1948 na 1958, kisha pamoja na Tanzania nzima tangu 1967. Mwaka 1958 walipatikana watu 299,111, wa Unguja 165,253 na wa Pemba 133,858. Mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773. Hizi ni habari za maana, lakini ripoti hutoa jumla na haitaji jina la babu yako. Anayetaka majina hana budi kwenda kwenye nyaraka za Kilimani, mjini Unguja, palipo na hati za zamani, za Kiarabu na za Kizungu. Na kabla ya kupanda gari, afungue sanduku la nyumbani kwake.

Maana madaftari yetu ya watu yako masandukuni. Yamo katika hati za kuuza na kununua mashamba, ambazo hutaja mipaka na majina ya majirani wa pande zote nne. Yamo katika karatasi za ndoa, za wakfu na za mirathi. Yamo katika vitabu vya msimu, ambamo mzee aliandika kila mchumaji na pishi zake, na huenda humo ndimo mahali pekee palipoandikwa jina la mwanamke fulani aliyechuma karafuu maisha yake yote, asimiliki hata mti mmoja. Kitabu kile mwenye shamba akiona hesabu imekwisha hukitupa jikoni. Ndivyo serikali ilivyoona huko Ireland juu ya vitabu vya 1861, na leo watu wavililia.

Basi napendekeza jambo dogo. Kila mwanachama, kabla ya msimu ujao, atwae ukurasa mmoja tu wa zamani ulio nyumbani kwake. Amtafute mtoto mmoja wa skuli na mzee mmoja ajuaye harufi. Wanakili kila mtu peke yake, kisha walinganishe. Nakala moja ibaki nyumbani, ya pili apewe ndugu akaaye mbali, ili moto mmoja au mvua moja isizichukue zote. Yaliyo siri ya nyumba yabaki siri, na habari za watu walio hai zisitolewe nje bila ya ridhaa yao. Huko Ireland hesabu ya 1926 iliwekewa miaka 100 kabla ya kufunguliwa.

Yule binamu yangu wa Mombasa huja kila mwaka wakati wa kuchuma. Ana miti yake kumi na minane, na huanika karafuu zake mwenyewe juu ya jamvi, hataki kusaidiwa. Mwaka wa kwanza nilimwomba msamaha, nikamweleza kwamba ni mimi niliyemfuta baba yake. Akaniuliza, "Kaka, ulikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia kumi na tatu. Akacheka, akasema, "Basi andika tena."

Nimeandika. Katika buku jipya jina la baba yake limo mara mbili, kama babu alivyoliweka, na pembeni nimeeleza kwa nini, nikatia sahihi yangu.